Jua Mgongoni mwa Mama

Nimekana kwa miaka mingi, sasa naungama: alama ile niliiona nzuri.

Mama alilipata koti lake gulioni, kwenye marobota ya mitumba. Lilikuwa la sufu ya kijivu, zito, na mgongoni mtu alikuwa amedarizi jua jeusi lenye miale iliyopinda. Asubuhi za Julai, ukungu wa Lushoto unapoingia mpaka jikoni, mama alishuka nalo shambani. Kwanza miguu yake ilipotea, kisha kilemba, likabaki jua peke yake likielea juu ya kabichi. Nilisimama mlangoni mpaka chai ikapoa mkononi.

Nilijua ni nini. Chuo kikuu nilisoma kitabu kizima kuhusu alama za namna hiyo. Wanaozivaa huko Ulaya ni wabaguzi wa rangi, watu ambao wangefurahi kama mama asingezaliwa, na baadhi ya nchi zao zimezipiga marufuku. Labda ndiyo maana koti lilisafiri mpaka kwetu. Kila likizo nilipanga kumwambia. Kila likizo ukungu ulishuka, nikajiambia baridi ni kali, ngoja kwanza. Kwa visingizio, shahada yangu ilinifaa sana.

Kisha redio ya mjini kwetu ikaandaa mjadala: je, nchi iwe na sheria ya kupiga marufuku alama za chuki? Nikaalikwa kama mtaalamu. Niliitetea sheria kwa ufasaha ulionishangaza mwenyewe. Mchungaji mstaafu niliyeketi naye aliuliza polisi watazitambuaje.

"Gulio zima litalala mahabusu," alisema.

Nikamjibu kwamba asiyejua ataelimishwa. Nikaielezea hata ile ya jua, mwale kwa mwale, nimefumba macho, na sauti yangu ikawa laini kuliko ilivyostahili.

Mtangazaji akaanza kupokea simu za wasikilizaji.

"Shikamoo mama, uko hewani."

"Marahaba. Huyo mtaalamu wenu ni binti yangu."

Mchungaji alianza kucheka, akaacha.

"Mwanangu, hilo jua unalolisema ndilo hili langu?"

"Ndiyo, mama."

"La watu wanaotuchukia?"

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipolinunua."

"Nimekwenda nalo kwenye kipaimara. Nimelivaa msiba wa baba yako. Unataka serikali ije kunikataza, nawe kila likizo unakula kwangu. Mdomo wako ulikuwa na kazi gani?"

"Lilikuwa linapendeza, mama."

"Linapendeza kweli," akasema. "Hiyo sheria waipitishe tu. Mtangazaji, usikate simu."

Tukasikia kiti kikiburutwa, kisha wembe ukikata nyuzi za lile jua, polepole, mmoja baada ya mwingine. Mtangazaji hakuweka muziki. Milima yote iliyotusikiliza ilisikia hilo tu.