Geji Iliyosingiziwa

Fundi wa Tunduma wa miaka ile alikuwa radhi kulala njaa kuliko kutamka neno "sijui". Mimi ndiye niliyekuwa kinara wao. Gereji yangu ilikuwa uwanja wa vumbi kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na madereva waliokwama siku tatu nne hawakuwa na kazi nyingine ila kukaa kwenye matairi yangu mabovu na kunisikiliza nikitoa hukumu. Nikigusa injini mara mbili, natamka ugonjwa. Wakati mwingine nilipatia. Nilipokosea, gari lilikuwa limeshafika Lusaka, nani angerudi kunisuta?

Mteja wangu mkubwa alikuwa na breki-dauni, lori la kuvuta malori yaliyoharibika njiani. Zamani alikuwa karani wa ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara ikaachiwa kila mwenye mdomo, akaibuka na lori kuukuu lenye winchi, pamoja na kitambi cha kulipandia. Tukawa tunamwita tajiri, kama tulivyowaita wote wenye magari. Habari za injini alizijua kama mimi ninavyojua kuzalisha, lakini kwa kuongea, we! Hakuna aliyemfikia.

Dereva wake alikuwa kinyume chake. Mnamwanga mmoja mkimya, baba wa watoto watano, tuliyesali naye kanisa moja. Ndiye aliyegundua tatizo. Akivuta lori la mahindi kupanda kutoka upande wa Ndalambo, mshale wa geji ya tabo ulipita alama nyekundu na kukaa hukohuko. Tabo ndiyo inayosukuma upepo kuingia kwenye injini, na geji ndiyo inayoupima. Upepo ukizidi sana, siku moja gasketi inaungua, na hapo breki-dauni lenyewe linatafuta wa kulivuta. Akaomba gari liangaliwe kabla halijafika huko. Mtu mwenye akili angempa zawadi.

Tajiri alikuja naye asubuhi, uso umekunjwa. Yeye alikuwa akiupenda mshale ule. Aliwaonyesha wageni, akidai hakuna gari lingine Tunduma lenye nguvu za kuufikisha pale. Sasa alitaka niseme, mbele ya baraza langu la madereva, kama gari lake ni zima au bovu.

Nilikuwa nimefumua gia boksi ya mtu, vyuma vimetapakaa chini, sina muda. Nikapanda, nikagonga kioo cha geji kwa ukucha, nikashuka na kutangaza: "Gari halina shida. Mbovu ni geji, tena si geji yake. Imebadilishwa."

Hilo la mwisho nililiongeza kwa utamu tu, kama mtu anavyoongeza pilipili. Niliona skrubu moja ni mpya, basi. Madereva wakatikisa vichwa kukubali. Tajiri akageuka kumtazama dereva wake, na nikaona alichoelewa: kwamba geji halisi imeuzwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na hii ni takataka ya kumzubaishia. Akamwambia ana mpaka jioni kuirudisha, la sivyo aache funguo na asionekane tena.

Haki ya Mungu, roho iliniuma. Lakini kulimeza neno langu mbele ya watu wote wale? Ng'o. Nikarudi kwenye gia boksi yangu nikajifanya nina kazi nyingi.

Dereva hakubishana na tajiri. Alisubiri aondoke, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba geji ile hajawahi kuigusa, na kwamba kazi akikosa atapata nyingine, ila jina la wizi halitamtoka. Akaniomba nipime vizuri.

Nikakubali. Nikaazima geji kwa dereva mmoja Mbemba wa Zambia, aliyenipa huku akicheka kwamba leo atamwona mganga akipima mgonjwa kwa mara ya kwanza. Nikaiunga kwenye bomba la upepo, tukafunga lori bovu nyuma, tukapanda mlima wa upande wa Mpemba. Mishale yote miwili ilipanda pamoja na kupita nyekundu pamoja. Geji yake ilikuwa ikisema kweli tupu tangu siku ya kwanza.

Tuliporudi nikaiinamia tabo. Pale pana mpira mwembamba unaopeleka upepo kidogo kwenye kidude cha kufungua kimlango cha moshi. Upepo ukizidi, kimlango kinafunguka, moshi unapita pembeni, tabo inapunguza kasi; mpira usipopitisha, kimlango hakifunguki kamwe. Sasa mpira ule ulikuwa umezibwa kwa bolti ndogo, ukazungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, juu yake waya, na ncha ya waya imekunjwa mara mbili isimchome mtu mkono. Tunduma nzima hakuna aliyekunja waya namna hiyo isipokuwa mimi.

Nikakumbuka. Miezi ya nyuma mpira ulipasuka ukawa unapuliza, na sisi mafundi wa mpakani tulikuwa na dini moja: kinachopuliza, ziba. Niliuziba kwa muda nikisubiri mpya kutoka Dar. Nikasahau mpya, kisha nikasahau kwamba niliziba. Wiki ile tajiri alikuja kunisifu kwamba gari limeongezeka nguvu, na sifa nikazipokea. Nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nimelifunga na waya.

Nikaweka mpira mzima niliouchomoa kwenye injini iliyokufa, tukapanda mlima tena, mshale ukatulia chini ya nyekundu. Jioni tajiri alipokuja nikasimama mbele ya baraza lote. "Bosi, geji ni nzima, na ni ileile. Kosa ni langu. Mpira huu niliuziba mimi."

Nikamwonyesha bolti. Aliitazama, akanitazama, akatabasamu na kunipiga bega.

"Fundi, miaka yote hii hujawahi kukosea. Najua mnasali pamoja, lakini usijipake matope kwa ajili ya mwizi."

Madereva wakatikisa vichwa, walewale. Nikabisha, nikaapa, nikafoka. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kuniona mtu mwema. Tajiri akachukua funguo mkononi mwa dereva. Kisha akalijaribu mlimani, akaona mshale haufiki tena alikozoea, akarudi kuniuliza nguvu za gari lake nimezipeleka wapi. Nilikataa kuziba tena. Akaenda kwa fundi mwingine akazibiwa, na kabla ya masika kwisha gasketi iliungua. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jioni ile dereva aliniomba jambo moja tu: nifuatane naye nyumbani, nikamweleze mkewe kwa kinywa changu, maana maneno yangekuwa yameshafika sokoni. Akasema mkewe ananiheshimu sana.

Nikaenda. Nikaketi kwenye kigoda, nikaeleza yote, bolti, waya, ujuaji wangu, bila kujibakiza. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Akanishukuru, akasema Mungu anibariki kwa kumsitiri mwenzangu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Sasa, baba, hiyo geji ulimuuzia nani?"