Mshono wa Karanga

"Nifungeni macho kwa khanga yoyote, hata ya mama mkwe," alisema Msafiri, amepanda juu ya mizani ya magunia katikati ya soko la Kibaigwa, "halafu mnipe punje ya karanga. Moja tu! Nikiitafuna nitawaambia imetoka shamba la wapi, na aliyeilima ni mvivu au mchapakazi."

Watu wakacheka. Fabian, dalali mwenzake, Mgogo mrefu mwenye mdomo wa moto kama pasi ya mkaa, akamfunga macho kweli. Msafiri akatafuna.

"Hii ya shamba la Mkonze. Imenyeshewa ikiwa imeshang'olewa. Mvivu."

Mwenye karanga akainamisha kichwa. Akapewa nyingine.

"Hii ya kwetu Kondoa. Msinitambulishe kwa ndugu zangu."

Tangu siku hiyo soko zima likamwita Mashine. Naye akaona sawa, maana karanga ni zao lililowahi kuwashinda Wazungu hapo Kongwa pamoja na matrekta yao, na yeye alikuwa akilifanyia kazi kwa meno.

Biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa huru. Mtu aliyezoea kuvusha debe la mahindi kwa kunyata kama mwizi wa mbuzi sasa alisimama kando ya barabara ya Dar es Salaam, kifua mbele, akiita malori kwa mluzi. Kibaigwa ikavimba. Mkulima alileta gunia, dalali akamtafutia mnunuzi, na kila dalali akafunga mdomo wa gunia kwa mshono wake ili lisipotee kwenye rundo. Mshono wa Msafiri ulikuwa misalaba miwili ya uzi wa katani na fundo upande wa kushoto. Hata rundo liwe kama kichuguu, yeye hakuhangaika kutazama magunia. Alitafuta fundo.

Nje ya soko hakuwa na mtu. Mkewe alikwisharudi kwao Haubi kitambo, na sababu zake zilikuwa za maana. Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, redio na mwangwi. Ndugu zake walipatikana saa ya chakula cha mchana, kwenye kibanda cha Dorkasi, ambaye wote walimwita Mama Ruthu. Hapo liliwekwa sinia moja la ugali wa uwele na bakuli moja kubwa la mlenda uliokolezwa karanga za kusaga, na madalali wakalizunguka, mikono ikipishana. Mkono wa Msafiri ukikosekana, Fabian aliuliza: "Mashine imeharibika?" Kuulizwa hivyo tu kulimtosha mtu wa chumba chenye mwangwi.

Ikaja siku mashine ikaharibika kweli. Alikuwa ameshakula matonge machache tu ya mlenda ule ule. Midomo ikaanza kumwasha. Kisha ngozi ikatoka mabaka yaliyovimba kama aliyepita kwenye upupu, sauti ikakwama, koo likaanza kuziba. Fabian alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akichomwa na jua na kutukana njia nzima, na mganga wa zamu akamchoma sindano iliyomrudishia pumzi.

Kufika jioni, soko lilikuwa na habari yake tayari: Mama Ruthu kamwekea kitu. Hakuna aliyemwambia usoni. Walihamia tu kibanda cha jirani, wakiyasifia maharage ambayo juzi waliyaita kokoto. Msafiri naye hakumtetea. Kwa kweli aliamini hivyo hivyo, ingawa hakujua alimkosea nini.

Zahanati ilimwandikia aende hospitali, Dodoma mjini. Huko alikutana na daktari kijana, Aneth.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimelishwa sumu, mwanangu. Wewe nitajie sumu, mtu nitamtafuta mwenyewe."

"Ulikula nini?"

"Mlenda."

"Wenye karanga?"

"Kwani kuna mlenda mwingine?"

Daktari aliweka sindano ya dharura mezani, tayari. Akamdondoshea mkononi tone la maji ya chumvi, tone la maji ya maharage, na tone la maji ya karanga, kila moja mahali pake, akadonoa ngozi chini ya kila tone. Wakasubiri. Palipodondoshewa maji ya chumvi pakatulia. Pa maharage pakatulia. Pa karanga pakainuka kivimbe chenye wekundu pembeni, kinawasha kama kimetumwa.

"Sumu yako hiyo," alisema Aneth. "Karanga yenyewe. Una aleji."

"Mimi? Nimeshatafuna karanga nyingi kuliko panya wote wa Kongwa!"

"Na damu yako imejifunza kuzijua. Imetengeneza kingamwili za karanga. Ni protini, ndogo hata hadubini yangu haizioni, umbo lake kama panda ya manati. Mpini umejishikiza kwenye seli za ulinzi, chini ya ngozi, kooni, tumboni. Zile ncha mbili za panda zimebaki nje, zinangoja."

"Zinaingoja karanga."

"Karanga nzima haziijui. Zinajua vipande vidogo tu kwenye protini za karanga. Kipande kikiwa na kinundu, ncha ina kishimo. Kipande kikiwa na chaji chanya, ncha ina hasi. Vikikutana, vinanasana. Maharage ni ndugu wa karanga, protini zao zinashabihiana, lakini kwako wewe kipande chenyewe hakikai sawasawa kwenye ncha. Umeona mkono wako ulivyoyapuuza."

Msafiri akautazama mkono wake. Akasema polepole, "Mshono."

"Unasemaje, mzee?"

Akamweleza habari za magunia, misalaba miwili na fundo. Aneth akaweka kalamu chini.

"Basi ni hivyo hivyo. Hazitazami gunia."

"Lakini Mama Ruthu anazikaanga, anazisaga, anazichemsha. Mshono gani huo hauungui?"

"Moto hufungua mikunjo ya protini nyingi. Za karanga ni sugu. Na hata zikikunjuka, kuna vipande vinavyobaki vilevile."

"Kweli. Gunia hata ulikunjue, fundo liko palepale." Alikuwa ameanza kuvutiwa, kama mtu anayesimuliwa ugomvi wa jirani, akasahau kwamba nyumba ni yake. "Na huko kunivimbisha?"

"Kipande kimoja kikishikwa na kingamwili moja, hakuna neno. Lakini protini moja ina vipande vingi. Ikidakwa na kingamwili mbili zilizo jirani kwenye seli moja, ikaziunganisha, seli inapata ishara. Inamwaga histamini na kemikali nyingine. Ndizo zinazokuvimbisha na kukuziba koo."

Msafiri akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. "Hilo nalijua! Dalali mmoja akishika gunia, ni biashara. Wawili wakilishika gunia moja, ni ngumi, na meza ya mama wa nyanya inapinduka."

"Na mama wa nyanya," alisema Aneth, "ndiye wewe."

Kicheko kikaisha. Akauliza kwa nini sasa, si zamani. Daktari akasema huenda ni vumbi la magunia alilolivuta miaka yote, huenda ni jambo jingine, na kwamba hataki kumdanganya: hajui. Dawa ya kuiondoa hana. Dawa ni kutogusa.

"Hata kidogo?"

"Hata kilichobaki kwenye kijiko."

Njia nzima ya kurudi Kibaigwa, Msafiri alijipangia maneno. Mama Ruthu angesafishika, sinia lingerudi, yeye angepikiwa mlenda mtupu, na maisha yangeendelea. Alifika sokoni mchana akaita watu, kama siku ile ya mizani.

"Mama Ruthu hana kosa! Ni damu yangu. Imeijua karanga kupita mdomo wangu."

Fabian akamkazia macho. "Mashine inaugua mafuta yake yenyewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi mimi kesho nitaugua maji."

Wakacheka, ila si wote. Mama Ruthu, aliyekuwa kimya majuma yale yote, akafuta mikono kwenye khanga. "Shemeji Msafiri, mimi kwa daktari sikwenda. Mimi nataka watu wakuone unakula kwangu. Nitakupikia chungu chako, mlenda mtupu, hakuna hata ganda la karanga. Ukila, yameisha. Usipokula, basi waliyosema ndiyo."

Akapika kweli kwenye chungu kipya. Akapakua kwenye bakuli jipya. Soko likajaa mlangoni. Sasa kwa desturi, chakula chenye maneno hakimfikii mgeni kabla mwenyeji hajakionja mbele ya macho ya watu; ndiko kutoa uchawi. Mama Ruthu alikuwa ametoka kuwapakulia wapita njia wachache mlenda wa karanga. Upawa ule ule ulikuwa bado mkononi. Akauchovya kwenye bakuli la Msafiri, akainua juu kila mtu aone, akaonja, akameza, akapanua mdomo wazi kuonyesha hakuficha kitu chini ya ulimi.

"Haya," alisema. "Nimetoa."

Watu wakapiga makofi. Fabian akapiga mluzi wa kuitia malori.

Msafiri aliuona upawa. Aliona na utando wa kijivu wa karanga uliokuwa ukining'inia kwenye kingo zake. Lakini aliona pia uso wa yule mama, uliokuwa umekonda kwa aibu isiyokuwa yake, na nafasi yake mwenyewe kwenye mkeka wa madalali, iliyoachwa wazi. Akajiambia ni kidogo mno. Akachovya tonge.

Midomo ikawasha kabla makofi hayajaisha.

Safari hii Fabian hakutukana njiani. Alilia tu, mtu mrefu vile, Msafiri akining'inia mgongoni kama gunia lisilo na mshono. Sindano ikafanya kazi tena, kwa shida kubwa kuliko mwanzo.

Baada ya hapo wote waliamini. Hakuna aliyesema tena neno la sumu. Wateja wakarudi kwa Mama Ruthu. Yeye mwenyewe alikuja chumbani kwa Msafiri, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nilikuwa natoa uchawi, shemeji, kumbe nautia," na Msafiri akamwambia asilie, desturi ni desturi.

Lakini walianza kumwogopa, kwa upendo. Akikaribia mkeka, mikono inatulia. Mmoja ananawa, mwingine anasogeza bakuli mbali, maongezi yanaisha utamu. Aliyetoka kula karanga hakumpa tena mkono. Biashara ya karanga akamwachia Fabian, akabaki na mahindi, akihama upande kila upepo ulipoleta vumbi la maganda. Mchana ukifika alikuwa anasema ana kazi. Anazunguka nyuma ya rundo la magunia, anachemsha mlenda wake mwenyewe, anasikiliza vicheko vya upande wa pili, na kujua kila kicheko ni cha nani.

Siku moja machinga alipita na vyombo. Msafiri akachagua sahani ya bati ya mtu mmoja, nyeupe, ukingo wa buluu.

Ilikuwa shilingi mia sita. Akalipa, akazunguka nayo nyuma ya rundo la magunia.