Sabuni Kwenye Breki

Pistoni ilichomoka kwa kishindo, na uchafu ulioifuata ukanirukia mpaka mdomoni. Ptuu! Nilitema mara tatu. Mafuta ya breki nayajua. Haya yalikuwa uji wa kahawia, unateleza, unanuka sabuni iliyovunda.

Nilikuwa uani kwangu Mafiga, gari liko juu ya tofali, tairi la mbele kushoto nimelivua. Wiki nzima lile tairi lilikuwa linapata moto, maana kalipa, lile bano linalokamata diski, lilikuwa limeng'ang'ania. Na Jumatatu nilitakiwa kumfuata mama yangu kijijini Matombo, aje kupasuliwa jicho mjini. Barabara ile ni mteremko na makorongo. Breki zikifeli pale, tumekwisha, mimi na yeye.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kunisaidia. Wiki mbili nyuma alichukua gari kufuata mchele Dakawa.

"Shemeji, umetia maji ya sabuni humu!"

"Mimi? Wallahi sijatia."

"Usinitajie Mungu na mdomo huo! Mshenzi wewe, unataka kuniulia mama?"

Ujanja wenyewe ni wa madereva wa milimani. Mafuta ya breki yakiwaishia njiani, wanakoroga sabuni ya mche kwenye maji, wanajaza, bora wafike. Ila ukifika, unayamwaga siku hiyohiyo. Haya yalikuwa yameachwa mpaka yakaoza, pistoni imeliwa na kutu, mpira umevimba. Uvivu wa aina hiyo unanichefua kuliko hata ile harufu.

Shemeji alifuta mikono akaondoka. Hakungoja hata wali aliopikiwa na dada yake.

Nikapiga pistoni msasa laini, nikasafisha kwa spiriti, nikaweka mipira mipya. Upande wa pili nao nikaufungua, uji uleule, nikatukana upya. Mafuta yote nikamwaga, nikajaza mapya, mke wangu akakanyaga pedali tukatoa upepo. Breki zikashika vizuri kabisa.

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Jumatatu nakuja, breki nimeshatengeneza."

"Marahaba, mwanangu. Na ile sabuni yangu umeshaitoa?"

"Sabuni gani?"

"Si ile niliyokukatia wakati wa mvua! Ukaikoroga kwenye kopo, ukaimimina garini, ukasema ukifika tu mjini unamwaga. Au ulisahau?"

Looh! Nililikumbuka mpaka kopo lenyewe. Mshenzi nilikuwa mimi.

Sahani ya shemeji ilikuwa bado imefunikwa mezani. Nikaichukua, nikaenda nayo kwake kwa miguu, sijui hata nitaanza na neno gani.