Fimbo Niliyoikata Ilula

Mimi niliuzoea udongo wa Soweto, Mbeya, nilikojifunzia ufundi umeme. Kule fimbo ya ethi, ile ya kushusha umeme ardhini, inazama kama kijiko kwenye uji. Kwa hiyo mama mdogo aliponiita Ilula nikamfungie umeme kwenye nyumba yake mpya, nilikwenda naimba. Nilishajiona nina kampuni, nina gari lenye ngazi juu.

Kazi ilienda vizuri mpaka kwenye ethi. Fimbo yenyewe, ya shaba, ndefu ya kunifika kidevuni, haikuzama hata kina cha goti ikagonga mwamba. Ningehamia nyuma ya choo, kwenye udongo laini, ningemaliza kesho yake. Lakini nilitaka taa ziwake jioni ile ile, watu wapige vigelegele. Nikachukua msumeno, nikaikata. Nikajaza mkaa na chumvi, nikafukia.

"Kwenye mein swichi kuna kifaa," nikamwambia mama mdogo. "Umeme ukizidi, radi ikipiga, kinaudaka kinautupa huku chini. Wewe kiangazi pamwagilie maji tu, udongo mkavu haupitishi umeme."

"Sawa, injinia wangu."

Akapamwagilia kweli. Kila jioni ndoo moja, akitoka kuuza nyanya barabarani. Kiangazi kizima mama wa watu alimwagilia kipande cha shaba kisichozidi mkono wangu.

Mvua za kwanza, radi ikapiga nguzo ya umeme ya nje. Nyumba haikuungua, ila mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilikufa, mayai yakiwa yamebakiza siku tatu. Pesa ya misimu miwili ya nyanya ilikuwa mle ndani.

Nilipofika kutoka Mbeya, wanawake walikuwa wamejaa uani. Mama mdogo aliongea taratibu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Radi hii imetumwa. Jirani yangu juzi kasema, 'Tuone hao kuku wako watafika wapi.' Tumeuzia meza moja miaka yote. Basi. Ahamishe vitu vyake pale mezani."

Jirani alisimama ng'ambo ya uzio, khanga mdomoni, analia. "Jamani dada, nilikuwa natania!"

Mama mdogo akanigeukia. "Waambie, mwanangu. Kazi yako si ilikuwa safi?"

Nakiri, niliokota begi langu. Nilishaanza kufikiria basi la kurudi Mbeya. Kisha nikamwona jirani anafuta pua kwa ile khanga, nikashindwa. Nikachukua jembe, nikafukua, nikakivuta kile kipande kwa mkono mmoja. Kilitoka kirahisi kama karoti.

"Hakuna aliyetuma kitu," nikasema. "Niligonga mwamba, nikaikata. Umeme haukuwa na pa kwenda."

Aliyecheka ni jirani peke yake, machozi bado mashavuni. "Kumbe mchawi ni msumeno!"

Mama mdogo hakucheka. Alikichukua kile kipande, akazunguka uzio, akampa jirani mkononi, kisha akapiga goti kumwomba radhi. Kosa langu, goti lake. Mpaka leo nikilikumbuka natazama chini.

Kesho yake nilipigilia fimbo mpya nyuma ya choo. Ilizama yote, kikabaki kichwa tu. Mama mdogo akaja na ndoo yake ya maji, akasimama.

"Imefika chini?"

"Imefika, mama."

Nilisubiri aniite injinia. Akaitua ndoo.

"Ing'oe, nione."

Nikaanza kuing'oa.