Tai wa Vichwa Vinne

Miaka ya elfu mbili na kumi ilikuwa imeanza tu. Ni mwaka ule unga wa muhogo ulipotea madukani, na sisi Wakongomani wa Fridley, huku ughaibuni, tukasonga bugali kwa unga wa viazi vya boksi. Nilikula bugali huo wa ajabu, nikaenda kuanza kazi.

Karakana ilitengeneza nakala za sarafu za fedha za miji ya Wajerumani wa zamani, ile iliyojitawala na kujigongea pesa yake. Sikusoma sana, lakini miji hiyo naijua kwa sura: Hamburg ngome, Lübeck tai wa vichwa viwili. Sarafu kubwa iliitwa taleri. Jina la dola limetoka humo, msinibishie.

Patron, mzee mwenye karakana, aliniweka kwanza kwenye tanuri. Kisahani cha fedha hupashwa moto kilainike. Kikiwa kigumu hakishiki sura. Halafu akaona mikono yangu.

"Umetwanga nini maishani, Mama?"

"Sombe, majani ya muhogo."

Akanipa nyundo.

Kugonga ni hivi: muhuri wa chini umekazwa kwenye gogo, kisahani juu yake, muhuri wa juu mkononi. Pigo moja, la kweli. Ukirudia, sura inacheza, inatoka mara mbili. Mwisho unapiga alama ndogo ya kusema hii ni nakala, mtu asidanganywe.

Patron alipolazwa hospitali, alituachia msimamizi Kamau, kijana Mkenya wa chuo. Siku moja akaleta mteja kutoka Champlin, mji wa jirani. Anataka taleri za Lübeck zisizo na alama, aziuze kama za kale.

"Bila alama, sigongi."

"Shosho," ndivyo kwao wanavyoita bibi, "si ni kadoti tu?"

"Kama ni kadoti tu, mbona kanakusumbua?"

"Basi kesho usikuje!"

"Kesho ni mbali. Leo gonga wewe."

Akavua koti, akagonga. Muhuri ukaruka. Akarudia. Akatoka tai wa vichwa vinne, kama kuku wanaogombea mtama! Mteja akamtazama tai, akamtazama Kamau, akaenda zake. Nilicheka mpaka kitambaa kikadondoka kichwani.

Nyumbani sikucheka. Mshahara wangu ndio uliowalisha wajukuu. Lakini asubuhi honi ya gari la Kamau ikalia nje, kwenye theluji.

"Panda, Mama. Oda za watu zinangoja."

Hakuomba msamaha. Ila kiti changu garini alikuwa amekipasha moto.

Patron alipopona, alimpigilia yule tai ukutani. Yuko huko mpaka leo.

Nimestaafu kwa sababu ya bega, siyo kwa kuchoka. Ninachokosa ni ule mlio: fedha iliyopashwa vizuri hailii, inaguna tu, kama mtu aliyeshiba. Siku ya kuniaga, Kamau, sasa yeye ndiye patron, alileta sambusa, akaweka kisahani juu ya gogo.

"Mama, taleri moja ya mwisho, ya kukukumbuka. Usiiharibu na ile alama. Siiuzi, naapa."

 Nikainua nyundo. Nikaiweka chini, nikachukua sambusa.

"Bila alama, sigongi."