Kibabi tukiangushwa kwenye gemu hatusemi "Nimekufa"

Wakuu, nawasalimu kutoka milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Atakayesema hii ni chai aseme tu, ila nilikuwepo na simu ilikuwa mkononi mwangu.

Miaka ile ya vita tulikuwa tunacheza gemu la kurushiana risasi kwenye duka la Papa Kambale pale kijijini kwetu Kibabi, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na sola ya kuchajia simu. Internet hakuna. Tunaungana kwa hotspot, team kwa team.

Kwa wasiocheza: ukipigwa, hutoki hapo hapo. Unaanguka, unatambaa, damu inapungua taratibu. Mwenzako akiwahi kupiga magoti pembeni yako na kushikilia button, unainuka. Akichelewa, ndiyo basi.

Kazi ya kuinua watu ilikuwa yangu, na sijisifu bure, nilikuwa hatari.

Tatizo lilikuwa neno. Huku kwetu kila kitu kinakufa. Pikipiki ikizima, imekufa. Mtandao ukikata, umekufa. Basi mtu akiangushwa anapiga kelele "Nimekufa!", akitolewa kabisa "Nimekufa!", chaji ikiisha "Nimekufa!" Sasa mimi nimkimbilie nani?

Mchana mmoja akaangushwa Baraka, kijana mwenzetu aliyekuwa amekimbia vita kule Bihambwe na mama yake. Shukuru wa team yetu akapaza sauti: "Baraka amekufa!"

Mama Baraka alikuwa anapita barabarani na mboga zake.

Aliingia dukani na kiatu kimoja. Alipomkuta mwanae kwenye benchi na simu, hakumpiga wala kumtukana. Alikaa sakafuni akalia. Wakuu, sijawahi kuona aibu kama ile.

Papa Kambale hakupandisha hata sauti. "Ile neno, sitaki kuisikia tena mu duka yangu. Mukiisema, gemu inaisha."

Tukawa tunacheza kimya, na tukawa tunachapwa vibaya. Mtu anaanguka nyuma ya ukuta, anaogopa kusema, mimi sina habari.

Mama Baraka naye akaanza kuja. Alisema anataka kukiona hicho kitu kinachomuua mwanae kila siku. Akawa anakaa nyuma ya Baraka, anauliza alama hii ni ya nini, na ile nyekundu je, mpaka akaelewa.

Ikaja mechi na vijana wa sokoni, wale wenye maneno mengi. Baraka akaangushwa, anatambaa, kimya. Sisi tunaendelea mbele.

"Bado," mama yake akasema nyuma yetu. "Iko chini, lakini hayakufa bado. Muende mumuinule."

Nikageuka. Nikarusha moshi kwanza, maana ukimwinua mtu peupe mnalala wote wawili. Nikamwinua, na yeye ndiye aliyemaliza mechi. Vijana wa sokoni walikuwa wapole wiki nzima.

Toka siku hiyo neno letu likawa hilo. Ukiangushwa unasema "Bado!", nami nakuja. Papa Kambale hakuwa na neno.

Halafu vita vikafika Kibabi kwenyewe. Baraka alikuwa ametumwa Pinga kwa pikipiki, kupeleka bidhaa za duka, na barabara ikafungwa nyuma yake. Sisi tukatoka kwa miguu, mama yake akiwa pamoja na familia yangu.

Tulipofika tulikojisitiri, watu waliotoka upande wa Walikale, huko huko iliko Pinga, wakamwambia Mama Baraka kwamba kijana wa pikipiki amekufa. Walisema hivyo tu, wakaendelea na safari yao. Mama Baraka hakulia safari hii. Aliacha kula, na hilo liliniogopesha zaidi.

Asubuhi moja mtandao ukashika. Ikaingia meseji kwenye simu yangu, namba siijui, neno moja tu: "Bado."

Nilimsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akauliza kama ugali umebaki.

Baadaye tukajua kilichokufa kilikuwa pikipiki.

Funzo langu wakuu: usimtangaze mtu kabla hujafika pale alipoanguka. Kwenye gemu na nje ya gemu.

Wachezaji wenzangu, team zenu husema nini mtu akiwa chini? Tuambieni. Na mwenye swali kuhusu barabara ya Pinga asiniulize mimi, Baraka yumo humu jukwaani, atajibu mwenyewe.