Hema Kwenye Kiwanja Changu

Mimi ni mtu wa kuiga. Niliona kwenye simu picha za wazungu waliopiga kambi kwenye vilima vya Italia: nyasi kijani, meza ndogo, bilauri ya divai, miguu juu. Nilizitazama hadi nikaona wivu. Vilima vya namna hiyo tunavyo kwetu, juu kidogo ya Mogogosiek, tena vyetu vina chai. Nikanunua hema.

Kwetu mwanamume akishaoa hawezi kulala tena nyumbani kwa mama yake. Anajenga yake kwenye kipande cha ardhi alichoonyeshwa. Changu nilionyeshwa na baba kabla hajafariki, na miaka yote hii kimekuwa malisho ya ng'ombe wa mdogo wangu. Nikienda nyumbani na mke wangu tunalala hotelini Litein, asubuhi tunafika na mkate mkononi kama wageni. Niliona hema litanipa yote mawili, starehe ya Italia na kulala kwenye kiwanja changu.

Kulisimamisha kulinitoa jasho. Mke wangu, mtu wa Nyeri asiyependa kelele, alikaa kwenye kiti cha kukunja akinisomea maagizo, nami nikimwambia siyahitaji. Mwishowe likasimama, limelalia upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Nikaketi, nikainua miguu, nikamimina chai kwenye bilauri. Divai nilikuwa nimeogopa kuibeba. Mama ni mtu wa kanisa.

Jirani yetu alipita akitoka kupeleka majani ya chai kituoni, kikapu kitupu mgongoni. Aliona vigingi nilivyopigilia na kamba zilizovutwa pande zote, kama fundi anavyopima msingi, na hema akalichukua kuwa stoo ya saruji. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kongoi, kongoi sana," kisha akakata kona kuelekea kwa mama. Nikadhani ananishukuru kwa kuja likizo.

Haikupita saa moja mama akafika na wamama wa kanisa, wamebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Walilizunguka hema, wakaimba. Mmoja akaomba kwa muda mrefu, akamkabidhi Mungu fundi, mabati na hata mchanga. Mke wangu alinifinya. Nilipaswa kusema kabla ya amina, lakini mimi ni jasiri kwenye simu tu. Wakanywa mursik, wakanipongeza, wakaenda zao. Mama akabaki.

"Mama," nikasema, "hii ni tenti tu. Ya kupumzika. Jumatatu tunarudi Nairobi."

"Najua ni tenti." Alisema kwa Kiswahili, ili mke wangu asikie. "Mimi si mjinga. Lakini hao wamama wameombea nyumba. Sasa utawaambia waliombea nini?"

"Kwa hivyo umenitega."

"Ndio."

Nilikasirika. Mtu mzima, nina kazi na kitambi, nimenaswa kwa maombi. Nikaanza kumweleza bei ya saruji, karo ya watoto, mambo ya mjini. Akaniacha nimalize.

"Siku tulizika baba yako," akasema polepole, "watu walilala hapa wakiimba. Wewe na bibi yako mkaenda hoteli. Mimi nikienda, mtaenda hoteli tena?"

Hasira ikaniishia pale pale. Niliona aibu, na nikampenda mama. Bilauri ya chai ilikuwa bado mkononi, na nilijiona mpumbavu kwa kuishika.

"Hapana, Mama," nikasema. "Tutalala hapa."

Alijifunga leso vizuri, akaingia kwenye nyasi ndefu, akamwita mke wangu. "Jikoni iwekwe hapa, moshi isirudi kwa nyumba. Choo iende kule chini." Mke wangu aliweka yale maagizo kwenye kiti, akamfuata akiuliza upande gani una maji. Mimi nikabaki nimelishikilia hema kwa mikono miwili, kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa umeanza kulibeba.